Tamasha la kijiji lisimezwe na jukwaa: mwongozo kamili kutoka bara ya Kilifi

Tamasha la kwanza nililosaidia kuandaa lilipangwa kuanza saa nne asubuhi, likaanza saa tisa alasiri. Watu walikuwepo tangu asubuhi; aliyekosekana ni mgeni wa heshima. Watoto wa shule waliokuja na kayamba zao walikaa juani mpaka wakaanza kuulizana chakula kiko wapi. Wazee wawili waliokuwa wafungue shughuli kwa dua waliondoka saa saba bila kumuaga mtu. Mheshimiwa alipofika alihutubia dakika 40, nusu yake ikiwa barabara, na muda uliobaki ukachukuliwa na spika za DJ. Jioni jirani yangu mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwani leo kulikuwa na nini?"

Tangu siku hiyo nimekaa kwenye kamati kadhaa, na haya ndiyo ninayomwambia kila anayenijia akisema kijiji chake nacho kinataka tamasha la utamaduni. Nazungumzia upande wetu wa Kaloleni, Rabai, Ganze na Magarini, pwani ya Kenya, kwa hiyo mifano ni ya Kimijikenda, jamii za huku kwetu. Msomaji wa Taita au Tana River atabadilisha majina ya ngoma na vyakula, hatua zitabaki zile zile. Jipe miezi sita.

Hatua ya 1: Zunguka nyumba kwa nyumba kabla ya kuita mkutano

Kamati nyingi huanza na jina la tamasha, nembo na fulana. Acha hayo. Mwezi wa kwanza wote ni wa kutembea na kuuliza: ni ngoma gani zinachezwa hapa, nani anazijua, zinachezwa lini na kwa sababu gani? Nani bado anasuka mikeka, anachonga, anatengeneza kayamba, anashona hando, ile sketi ya marinda ya akina mama? Nani anajua hadithi ya jina la kijiji? Beba daftari, na usiende kwa mzee mikono mitupu. Palipo na desturi ya kadzama, yaani mnazi unaopelekewa wazee kabla ya jambo, peleka kadzama. Kwenye mji wa Waislamu au wa walokole peleka sukari na majani ya chai.

Swali la "kwa sababu gani" lina uzito kuliko mengine yote. Nililijua hilo kwa aibu.

"Mzee, ile ngoma ya kifudu, vijana wanaweza kuicheza siku ya tamasha?"

"Nani amekufa, mwanangu?"

Nilinyamaza. Kifudu ni ngoma ya msiba. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliicheza kutoka mji hadi mji na watu wakamfuata, hadi Wagiriama wakala viapo vya kukataa kodi na kazi za kulazimishwa za Mwingereza. Nguvu ya ngoma hiyo ilitokana na uzito wake, na mzee yule hakuona kwa nini ichezwe ili watu wapige picha. Mwishowe alikubali tuieleze kwa maneno, asimame mama mmoja aimbe ubeti mmoja, basi.

Ukirudi kutoka matembezini, gawa uliyoyaandika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ya hadharani: ngoma za sengenya na kayamba, mashairi, vitendawili, mapishi, ususi. La pili ni yale yanayohitaji ruhusa ya mwenyewe, kama dawa za mitishamba, nyimbo za ukoo au vitu vya marehemu. La tatu ni ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya mababu, na ya wazee peke yao, na hilo halitoki, hata mfadhili akiomba, hata kituo cha televisheni kikiahidi kuja. Msomee mgawanyo huo mzee aliyekupa habari, mbele ya mashahidi, kabla hujauandika kwenye barua yoyote.

Hatua ya 2: Tarehe

Kwetu masika hushika kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Wakati wa kupanda na kupalilia usimwite mtu uwanjani, hatakuja, na akija ana hasira na wewe. Agosti ni mwezi mzuri: mahindi yameanza kuvunwa, shule zimefungwa, na waliohamia Mombasa na Nairobi huja nyumbani. Kasoro yake ni mwaka wa uchaguzi. Katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, kwa hiyo mwaka 2027 tamasha la Agosti litageuka mkutano wa kampeni utake usitake. Mwaka huo peleka Desemba, na ukubali hatari ya mvua.

Angalia pia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Waulize wazee siku za juma la Kimijikenda, lile la siku nne, maana bado wako watu wanaoiheshimu Jumwa, siku yake ya mapumziko. Mwisho, ulizia siku za soko za vijiji jirani. Akina mama wanaouza sokoni ndio hao hao unaotaka wapike na wacheze.

Jambo moja huwa halizungumzwi hadi linapotokea: msiba. Akifa mtu mkubwa kijijini siku tatu kabla, utafanyaje? Amueni mapema na muandike kwenye kumbukumbu za mkutano. Sisi tulikubaliana kwamba msiba wa kijiji chenyewe unaahirisha tamasha kwa majuma mawili, na kwamba kila tunayemlipa malipo ya awali, awe wa tenti au wa vyombo vya muziki, atalijua sharti hilo kwa maandishi.

Hatua ya 3: Kamati na usajili

Watu tisa hadi kumi na mmoja wanatosha. Wawemo wazee wawili, akina mama watatu au zaidi (ndio wenye ngoma na chakula, msiwaweke wawili kwa ajili ya picha), vijana, mwalimu mmoja na mtu wa afya wa jamii. Mweka hazina awe anayekaa kijijini, asiwe yule anayekuja Ijumaa kutoka mjini. Mwanasiasa wa aina yoyote, hata anayewania tu, awe mchangiaji asiwe mwanakamati.

Mkitaka kufungua akaunti na kupokea fedha za kaunti au za mfadhili, sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 ndiyo inayotumika, na inataka wanachama wasiopungua 10, katiba ya kikundi na kumbukumbu za mkutano. Wekeni watia saini watatu. Michango ya simu iingie kwenye namba ya kikundi, wala isipitie simu ya mwenyekiti hata kwa siku moja. Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukivunjika kwa shilingi elfu nne zilizopitia simu ya mtu.

Hatua ya 4: Barua na vibali

Anzia kwa naibu wa chifu na chifu. Kisha andikieni mkuu wa kituo cha polisi: Sheria ya Utengamano wa Umma inataja taarifa isiyopungua siku 3 wala kuzidi siku 14 kabla ya mkusanyiko. Utaambiwa na wajuaji kwamba sherehe za kitamaduni zimeachwa nje ya sharti hilo. Andika barua hata hivyo, upigiwe muhuri kwenye nakala yako, ukae nayo mfukoni siku yenyewe. Ofisa wa zamu atakayekuja saa nane mchana kuuliza "nani amewaruhusu?" hajasoma vifungu.

Kibali cha sauti kiulizeni ofisi ya mazingira ya kaunti kama mtatumia spika. Wapishi wa hadhara watadaiwa vyeti vya uchunguzi wa afya na ofisi ya afya ya umma, na hivyo huchukua siku, kwa hiyo msingoje wiki ya mwisho. Mnazi wa kuuza unahitaji leseni, na aliye chini ya miaka 18 hauziwi hata kidogo. Mnazi wa kadzama ya wazee ni jambo jingine, nao ukae kwa wazee.

Idara ya utamaduni ya kaunti iandikieni miezi minne kabla. Chini ya Katiba ya 2010 shughuli za kitamaduni na burudani za umma ni kazi ya serikali za kaunti, kwa hiyo hamwombi hisani. Ombeni kitu kimoja kinachohesabika, mfano tenti mbili na tangi la maji. Ukiandika "tunaomba msaada wenu wa hali na mali" utajibiwa kwa hali.

Hatua ya 5: Bajeti

Andika malipo ya wachezaji juu kabisa ya karatasi, kabla ya tenti na kabla ya spika: nauli, chakula na kifuta jasho cha kila kikundi cha ngoma. Kwenye bajeti nyingi nilizosoma wachezaji huwa mstari wa mwisho, na fedha zikipungua mstari wa mwisho ndio unaokatwa. Matokeo yake, mwenye jenereta hulipwa kwa ukamilifu na bibi wa miaka 70 aliyecheza saa mbili hupewa soda.

Baada ya hao, weka maji, vyoo na huduma ya kwanza. Halafu chakula. Halafu kivuli. Halafu sauti. Fulana, mabango na maua ya mezani yawe mwisho, yakikosekana yakosekane. Tenga pia sehemu moja ya kumi kwa dharura na usiiguse hadi siku yenyewe.

Mfadhili akija, mwandikieni anachopata: jina lake kutajwa mara mbili, bango moja mlangoni. Mwandikieni na asichopata pia. Hapangi ratiba, hachagui ngoma, havishi wachezaji fulana zenye nembo yake juu ya mavazi yao. Kampuni moja iliwahi kutuletea fulana za manjano 60 ili akina mama wazivae juu ya hando. Mama mmoja alizikunja vizuri, akasema ahsante, akazirudisha kwenye gari.

Hatua ya 6: Uwanja

Hapa ndipo jukwaa linapoharibu mambo. Ngoma zetu huchezwa chini, duara au mistari miwili ikitazamana, na mtazamaji anaruhusiwa kuingia. Ukiwapandisha wachezaji kwenye mbao za futi nne, ukawakabilisha na viti vya wakubwa, umegawa watu kuwa wanaotazamwa na wanaotazama. Vumbi linapotea, na miguu iliyofungwa njuga inalia juu ya mbao kama masufuria.

Tafuta mahali penye mwembe au mkwaju mkubwa. Chora duara la hatua 20 upana. Mikeka iwe mbele kwa wazee na watoto, mabenchi nyuma yao, wanaosimama nyuma zaidi. Upande jua linakozama jenga banda la makuti, kwa sababu kuanzia saa tisa jua hupiga kutoka huko. Mheshimiwa akae mkekani au kwenye benchi la wazee. Wengi hufurahi, hasa wakiona kamera.

Kipaza sauti kiwe kimoja cha mshereheshaji na kimoja cha kusimamisha katikati, kimo cha kiuno cha mtu mzima, kwa ajili ya mwimbishaji. Kayamba haihitaji zaidi ya hapo. Spika zikiwekwa karibu na duara, mlio wa mbegu ndani ya kayamba humezwa wote na kinachobaki ni mngurumo.

Maji: hesabu lita mbili kwa kila mtu kwa kutwa moja ya jua, nje ya maji ya kupikia. Watu 500 ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Vyoo: kila watu 50 tundu moja, vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, na pawe na maji ya kunawa. Waombeni watu wa Msalaba Mwekundu mapema. Wakikosekana, muuguzi wa zahanati na sanduku lake chini ya mti unaojulikana. Acheni njia ya gari la wagonjwa na mtu wa kuilinda, maana bodaboda zitaiziba.

Hatua ya 7: Chakula

Chakula ni urithi pia, kwa hiyo wali wa kununua kwa mpishi wa mjini ni nafasi iliyopotea. Asubuhi mahamri na mbaazi, au muhogo wa kuchemsha. Mchana sima kwa mboga ya mchunga, samaki wa kukaanga, kuku kwa tui pale fedha zinaporuhusu. Pakiti ya unga ya kilo mbili inashibisha watu wanane hadi kumi. Wali, kilo moja kwa watu sita au saba.

Tahadhari ya mbaazi: zikishatiwa tui huchacha upesi kwenye joto letu. Chemsheni zote tangu usiku, lakini tieni tui kwa zamu, sufuria moja moja kadiri watu wanavyokula. Mwaka mmoja tulizitia tui zote alfajiri na saa sita tukamwaga sufuria mbili.

Watoto na wachezaji wapakuliwe kwanza. Litangazeni hilo kwenye kipaza sauti ili lisibadilishwe na mtu.

Hatua ya 8: Kaya, picha na vitu vya wazee

Misitu ya kaya iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, maeneo 10 yaliyotapakaa karibu kilomita 200 za pwani, na mwaka uliofuata mila zake zikawekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Sifa hiyo huwafanya waandaaji watake ziara ya kaya kwenye ratiba. Mimi nashauri tamasha likae nje ya msitu. Wazee wakikubali wageni wachache waingie, iwe siku nyingine, kwa masharti yao. Kule Kaya Kinondo, Kwale, ambako wageni hupokelewa, mtu hufungwa kaniki kiunoni na hufuata aliyemtangulia. Ziara ya namna hiyo haiwezekani na umati wa watu 300 waliokwisha kunywa soda. Kama hadithi ya kaya inatakiwa, isimuliwe uwanjani. Hadithi ya Kaya Fungo, jinsi Waingereza walivyoilipua kwa baruti mwaka 1914, inawanyamazisha watoto bila kuhamisha jiwe.

Kuhusu picha, kisa cha vigango kinatosha. Vigango ni nguzo zilizochongwa za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, na zikishasimamishwa haziondolewi. Mwaka 1985 mtafiti Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye kidogo vikaibwa. Miaka mingi ikapita, Udvardy akakitambua kimoja katika mkusanyiko wa makumbusho ya Illinois, na cha pili kikapatikana chuo cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudi kwa familia mwaka 2007, na ushahidi ulikuwa ile picha.

Kwa hiyo pigeni picha za kumbukumbu: kitu kizima, mbele na nyuma, pamoja na mwenyewe, tarehe nyuma ya nakala ya karatasi. Picha hizo hukaa na familia na mwalimu mkuu au makumbusho iliyo karibu, wala haziwekwi mtandaoni pamoja na jina la kijiji na njia ya kufikia. Wezi nao wana simu. Vitu vya kuonyeshwa siku ya tamasha viwe na daftari la kuazima: jina la mwenyewe, alama za kitu, saini ya kukitoa na saini ya kukipokea. Asubuhi hiyo kijana mmoja kazi yake iwe daftari hilo peke yake.

Akija mtu wa filamu au mtafiti, mwambieni kwamba Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya jamii kabla ya kutumia nyimbo na ujuzi wake. Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha: anarekodi nini, atakitumia wapi, nakala itarudi kwa nani, na malipo yakipatikana yatagawanywaje.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Saa kumi na mbili wapishi na wenye maji. Saa mbili vikundi vifike na vinywe uji. Saa tatu mzee afungue: "Taireni!" na watu wajibu "Za Mulungu!" Hapo tamasha limeanza, awepo asiwepo yeyote. Ngoma mbili, kisha mashindano ya vitendawili kwa watoto, kisha meza za ususi na mitishamba zifunguliwe watu watembee. Saa sita chakula, na baada ya hapo mapumziko ya kweli ya saa moja na nusu. Saa nane hadithi chini ya mti. Saa tisa ngoma kubwa.

Hotuba zote ziwekwe kati ya saa kumi na saa kumi na nusu, dakika tano kwa kila mtu, watu wasizidi wanne. Andikeni hivyo kwenye barua ya mwaliko, tangu mwanzo, kwa adabu: "Tumekutengea saa 10:10 hadi 10:15." Mgeni akichelewa, nafasi yake hupita na anakaribishwa kucheza. Tuliyafanya hayo mwaka wa pili, mkono ukinitetemeka nikiandika. Mgeni wetu alifika saa tisa na nusu, akasema kwa dakika nne, akaingia kwenye duara la sengenya na hakutoka hadi jua lilipozama. Saa kumi na mbili funga, watu wafike nyumbani kabla ya giza.

Hatua ya 10: Kesho yake na wiki mbili zijazo

Kesho yake ni vitu vitatu: vitu vya wazee virudi kwa saini, uwanja usafishwe na kamati yenyewe, na vikundi vya ngoma vilipwe vyote kabla ya jua kutua kama kuna salio.

Ndani ya wiki mbili itisha baraza pale pale chini ya mti. Mweka hazina asome kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka, risiti zikiwa kwenye faili lililo wazi kwa yeyote kupekua. Hesabu hizo zibandikwe dukani. Kila kikundi kipewe rekodi yake kwenye kadi ya kumbukumbu, maana wengi wana simu na hawana bando. Kisha muulize mzee aliyefungua tamasha swali moja, nini kisirudiwe, na katibu aandike jibu lake neno kwa neno kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mwaka unaofuata. La kwetu lilikuwa hili: "Mwakani punguzeni viti."